Kuzalisha Kakatua Uani: Jike Alindwe Kabla ya Yai la Kwanza

Mfugaji anayetaka kuzalisha kakatua, yaani kasuku mwenye kishungi kichwani, nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuuliza habari za mayai na makinda, ilhali msiba mkubwa wa ufugaji huu hutokea kabla hata yai la kwanza halijatagwa: dume humjeruhi jike wake vibaya, na mara nyingine humuua. Tabia hii inajulikana sana kwa kakatua mweupe mwenye kishungi kipana kinachofunguka kama mwavuli, ambaye asili yake ni Halmahera na visiwa vya jirani vya Maluku ya Kaskazini, nchini Indonesia.

Chanzo chake ni dume kuwa tayari kupanda mapema kuliko jike. Porini jike angeruka akaenda zake. Kizimbani hana pa kukimbilia, na dume humng'ata usoni, mdomoni na miguuni. Wasikudanganye wanaosema kwamba jozi iliyozoeana haina hatari, kwa maana hata ndege waliokwisha kulea makinda pamoja kwa miaka kadhaa wamefikwa na jambo hili.

Kaa mbali kidogo na banda asubuhi, baada ya kuweka chakula, utazame bila kusema neno. Dume anayepatana na jike humkuna kichwani na kumwachia nafasi bakulini. Ukiona jike anasubiri mpaka dume ashibe, anashinda sakafuni au kwenye kona moja, amepungukiwa manyoya usoni au ana tone la damu kidoleni, watenganishe saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kabla ya msimu wa kutaga, punguza manyoya ya kurukia ya dume na umwachie jike yake yote, ili aweze kumkimbia. Manyoya machanga ambayo bado yana damu yasikatwe kamwe, na kama hujawahi kufanya kazi hii, mwite daktari wa mifugo aliyezoea ndege akuoneshe. Sanduku la kiota liwe na matundu mawili, ili dume akiziba moja jike atokee kwa la pili. Weka pia mabakuli mawili ya chakula yaliyo mbalimbali, na ubao uliosimamishwa wima katikati ya banda utakaomficha jike asionwe.

Banda lenyewe liwe refu kiasi cha kuwawezesha kuruka. Mita 4 kwa urefu, na mita 2 kwa upana na kimo, zinafaa jozi moja. Wavu wa kuku haufai hata kidogo, kwa kuwa mdomo wa kakatua huukata. Tumia wavu uliochomelewa wenye waya wa unene usiopungua milimita 2.5, juu ya fremu ya chuma. Wavu mpya una mabaki ya zinki ambayo ni sumu kwa ndege anayeutafuna, hivyo usugue kwa brashi na siki, kisha uusuuze kwa maji mengi. Hewa ya joto na unyevu ya pwani yetu haiko mbali na ile ya Maluku, lakini Nairobi au Arusha ni lazima sehemu ya banda izibwe kukinga upepo wa usiku.

Alizeti peke yake huwanenepesha na kuwadhoofisha. Wape nafaka zilizooteshwa, mchicha, boga na mfupa wa ngisi kwa ajili ya maganda ya mayai, na parachichi lisiingie bandani kabisa. Jike hutaga mayai 2 hivi, wazazi wote wawili huyalalia kwa siku 28 hivi, na kinda hutoka kiotani akiwa na wiki 12 au zaidi.

Unaponunua ndege, mpapase mgongoni: kakatua mwenye afya huacha unga mweupe mkononi, na unga huo huupa mdomo wake mweusi rangi ya kijivu. Mdomo ukiwa mweusi unaong'aa na mkono ukabaki msafi, shuku ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya, ambao hauna tiba. Apimwe kabla hajachanganywa na wengine. Dai pia hati zinazoonesha kwamba alizaliwa kizimbani, kwa sababu kakatua hawa wako hatarini kutoweka na biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kuhusu makinda, naomba sana waachwe na wazazi wao mpaka wajitegemee. Dume aliyelelewa kwa bomba la sindano na mikono ya watu, asiwaone wenzake, hukua bila kujua namna ya kumkaribia jike, na kwa maoni yangu huyo ndiye wa kuogopwa zaidi siku atakapowekwa naye banda moja.