Kimkeka cha sufuria kwa kamba ya katani na uzi

Jamani hii kazi tamu, ukianza huachi. Tafuta kamba ya katani unene wa kidole, mita 3 zinatosha, uzi wa pamba na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Uzi wa akriliki uachie mapambo ya ukutani, kwenye sufuria ya moto unayeyuka.

Mkia wa uzi ulaze sambamba na kamba kama sentimita 5 halafu zungushia juu yake, unajificha wenyewe wala hufungi fundo. Kila mzunguko ukae bega kwa bega na mwenzake, katani ikichungulia sukuma uzi kwa kucha, usione uvivu maana uzuri wote upo hapo.

Ukishafunika sentimita 10 ikunje kama gamba la konokono, then kila mizunguko 5 au 6 pitisha shazia kwenye duara la ndani, vuta, endelea kuzungushia. Usikaze sana, cha kwanza changu kilinyanyuka pembeni kikawa bakuli, na kwa kweli bakuli ndo zinatengenezwa hivyohivyo.

Kubadili rangi, laza uzi mpya chini ya ule wa zamani mizunguko michache kabla haujaisha. Mwisho chonga ncha ya kamba iwe nyembamba, funika, shonea mara tatu, kata.