Kemia kupitia mwaka wa maandalizi: anza na moli

Ukiingia chuo kikuu kusomea kemia kupitia mwaka wa maandalizi, usikimbilie kukariri jedwali la elementi. Kinachowaangusha wengi ni hesabu, hasa moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za dutu, na vizio kama lita na gramu. Chukua mfano: una mililita 25 za sodiamu haidroksaidi yenye moli 0.1 kwa lita. Kabla ya kugusa kikokotoo, geuza 25 kuwa lita 0.025. Zidisha kwa 0.1, unapata moli 0.0025, zidisha kwa 40, uzito wa moli moja ya sodiamu haidroksaidi kwa gramu, unapata gramu 0.1. Ukisahau kugawa kwa 1000, jibu linakuja gramu 100. Hebu fikiria, gramu 100 ndani ya maji yasiyojaza hata vijiko viwili vya mezani! Kwa hiyo andika vizio kila mstari, hata wenzako wakikuona mshamba.

Logi (logarithimu) nazo zinoe mapema, maana pH, kipimo cha uasidi, ni logi tu iliyovaa koti la maabara.

Na kabla hujalipa ada, uliza kwa maandishi: kuvuka kwenda mwaka wa kwanza kunahitaji alama ngapi, na je, vyuo vingine vitakupokea kwa matokeo hayo? Baadhi havitambui maandalizi ya wenzao.