Kusafisha kisima cha kijiji kwa klorini baada ya mafuriko

Kamati ya maji itangaze mapema siku ya kazi na mahali pengine pa kuchota, maana kisima kitafungwa kwa saa 12 au zaidi. Msipotangaza, kuna mtu atachota usiku.

Toeni tope na maji machafu mpaka yanayoingia yawe maangavu. Wengi huruka hatua hii, na klorini huishia kwenye tope badala ya kuua vijidudu. Pampu ya dizeli isishushwe kisimani kamwe: moshi wake huua aliye chini.

Maji yakijaa tena, pimeni. Kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara kina cha maji (vyote kwa mita), mara 1,000, hiyo ndiyo idadi ya lita. Kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 3 ni lita 3,400 hivi. Ili kupata miligramu 50 za klorini kwa kila lita, hapo zinahitajika gramu 260 za unga wa klorini wa asilimia 65.

Vaeni glavu na miwani. Tieni unga ndani ya maji kwenye ndoo ya plastiki, si maji juu ya unga. Korogeni, acheni chokaa iliyomo kwenye unga itulie chini, kisha mwagieni maji ya juu kisimani mkilowesha kuta. Penye pampu ya mkono, pigeni hadi harufu ya klorini itoke bombani.

Kesho yake vuteni maji, mkiyamwaga mbali na mto, mpaka kipimo cha klorini kisome chini ya miligramu 0.5 kwa lita.