Kuhama na familia kutoka Tanga hadi Australia: anza na majina, mizigo baadaye

Watu wengi wakishasema "tunahama" huanza kuulizia bei ya tiketi. Tiketi ndiyo kitu cha mwisho kununua. Ombi la viza la familia hukwama kwa herufi moja iliyokaa mahali sipo kwenye cheti cha mtoto, au kwa tarehe mbili za kuzaliwa za baba mmoja. Jipeni miezi sita ya kushughulikia makaratasi kabla hamjalipa ada yoyote ya viza. Ada ya viza haikurudii ukikataliwa, na kwa watu watano ni fedha za kuezekea nyumba.

Maelezo haya yanafuata masharti ya Australia. Ukienda New Zealand au Kanada fomu hubadilika, lakini hatua ya kwanza ni ileile.

Hatua ya 1: Tandikeni mkeka, pangeni vyeti

Chukueni makaratasi ya kila mtu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (cha NIDA), pasipoti kama ipo, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, kadi ya kliniki. Kila mtu awe na safu yake. Kisha mmoja asome jina herufi kwa herufi na mwingine afuatilie kwa kidole kwenye karatasi nyingine. Msisome kwa macho tu, kwa sababu jicho lililozoea jina halioni kosa. Hapa ndipo Hamisi anapogundulika kuwa Hamis, Athumani kuwa Athuman, na Swalehe ana cheti cha darasa la saba kilichoandikwa Saleh.

Halafu nendeni kwenye tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 19850701 inasema mwenyewe alizaliwa tarehe 1 Julai 1985. Cheti chake kikisema Machi, mbele ya afisa wa viza hao ni watu wawili.

Kipi kirekebishwe? Kanuni ya kawaida ni kwamba cheti cha kuzaliwa ndicho mzazi wa karatasi nyingine zote, kwa hiyo hizo nyingine ndizo zinazokifuata. Lakini kama NIDA, pasipoti na vyeti vya shule vyote vinakubaliana, na cheti cha kuzaliwa kilikatwa ukubwani kikakosewa, basi rekebisheni hicho kimoja RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Maombi ya cheti hufanywa kwenye mfumo wa RITA wa mtandaoni au kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Angalieni pia msichanganye tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, na cheti. Tangazo hutumika kuombea cheti. Kwenye viza halifai.

Pasipoti ndiyo ya mwisho katika hatua hii, kwa sababu taarifa zake hutoka NIDA. Ukiikimbilia kabla ya kurekebisha NIDA unalipa mara mbili. Tangu pasipoti ya kielektroniki ianze mwaka 2018 ada ya kawaida imekuwa shilingi 150,000 kwa kitabu kimoja.

Msikubali kabisa "mtu wa mjini" awatengenezee cheti. Sheria ya Australia ina kifungu kiitwacho 4020: ukikamatwa na waraka wa uongo, unaweza kufungiwa viza kwa miaka 3, na udanganyifu ukihusu utambulisho wenyewe, miaka 10. Adhabu hiyo huangukia hata wanafamilia walio kwenye ombi hilo. Kosa la kweli lina kiapo na barua ya maelezo, na likielezwa mapema kwa kawaida linasameheka.

Jambo moja dogo ambalo huwasumbua Watanzania wengi: majina matatu. Baba ni Salim Bakari Hamisi, mama ni Zuhura Omari Juma, mtoto ni Mwanaidi Salim Bakari. Kwenye pasipoti jina la ukoo la baba litakuwa Hamisi, la mama Juma, la mtoto Bakari. Kwetu hiyo ni nasaba iliyo wazi kabisa. Ugenini, karani anaona watu watatu wasiohusiana. Dawa yake ni kubeba vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto mkononi, visiingie kwenye sanduku, na kuandika majina kila mahali vilevile yalivyo kwenye pasipoti, hata kama mpangilio wake haukupendezi.

Hatua ya 2: Jueni nani anahesabiwa familia

Hapa ndipo penye maumivu, na ni bora yafike mapema. Kwa Australia, familia ya mwombaji ni mke au mume mmoja na watoto wanaomtegemea. Mtoto aliyefika miaka 23 kwa kawaida hahesabiwi tena, isipokuwa ana ulemavu unaomzuia kujitegemea. Ndoa ya wake wengi haitambuliwi kwa viza, hata kama imefungwa kihalali chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mke wa pili hawezi kuingia kwenye ombi hilo.

Mtoto wa dada uliyemlea tangu ana miezi mitatu, anayekuita baba na hajui baba mwingine, si mtoto wako kwenye fomu mpaka iwepo amri ya mahakama. Kama mnataka aende, anzeni shauri la kuasili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kabla ya kuomba viza. Ni shauri refu, na ustawi wa jamii hushirikishwa.

Mtoto wa ndoa nyingine anaweza kwenda, ila mzazi wake mwingine lazima akubali kwa maandishi. Fomu ya ridhaa ni namba 1229, na huambatanishwa na nakala ya kitambulisho cha anayesaini.

Tena, andikeni watoto wote kwenye ombi, hata wasioenda, hata yule anayeishi Pangani kwa bibi yake. Mtoto aliyefichwa leo hataweza kufuata kesho bila maswali mazito, na katika viza nyingi za kudumu hata asiyesafiri hupimwa afya. Mmoja akishindwa, wote wameshindwa.

Hatua ya 3: Polisi na daktari, kwa mpangilio wa muda

Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai huombwa kwa alama za vidole, kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi. Kinahesabika kwa miezi 12 tangu kitolewe. Wengi husahau kwamba kinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi jumla ya miezi 12 ndani ya miaka 10 iliyopita. Aliyefanya kazi Muscat miaka miwili anahitaji cha Oman pia, na hicho kiombwe kwanza kwa sababu kinatoka mbali.

Vipimo vya afya hufanywa na madaktari walioteuliwa tu, kwa hiyo jiandaeni kwenda Dar es Salaam. Kwa familia ya Tanga hiyo ni safari ya kilomita 350 hivi. Pangeni kulala, msitegemee kwenda na kurudi siku moja na watoto. Bebeni pasipoti na namba ya HAP, yaani namba ya vipimo vya afya ya kila mmoja, inayotolewa na ImmiAccount, mfumo wa mtandaoni wa kuombea viza ya Australia. Wenye miaka 11 na zaidi hupigwa picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, na kwa viza za kudumu wenye miaka 15 na zaidi hupimwa VVU. Mama mjamzito kwa kawaida hushauriwa kusubiri picha hiyo mpaka ajifungue, kwa hiyo ombi lote hungoja naye.

Msipime mapema mno. Viza ya kudumu ikitoka, tarehe ya mwisho ya kuingia nchini mara ya kwanza huhesabiwa kutokana na vipimo au cheti cha polisi, kile kilichotangulia. Familia iliyopima mapema hujikuta ina wiki sita za kuuza vitu na kuaga.

Viza yenyewe haibandikwi kwenye pasipoti. Inakaa kwenye kompyuta, imefungwa na namba ya pasipoti yako. Ukibadilisha pasipoti baada ya hapo, ingiza namba mpya kwenye ImmiAccount, la sivyo utarudishwa kaunta ya uwanja wa ndege.

Hatua ya 4: Kadi ya kliniki na shule

Kadi ya kliniki ipigeni picha leo, maana wino wake hufifia. Watoto wetu huchanjwa surua na rubela; ratiba ya Australia ina pia matumbwitumbwi na tetekuwanga, kwa hiyo watoto wataongezewa chanjo. Bila kadi wataanzishiwa upya nyingi.

Mwaka wa shule kule nao huanza mwishoni mwa Januari na kumalizika Desemba, ahueni kubwa. Ombeni barua ya uhamisho na ripoti za miaka miwili zenye muhuri.

Hatua ya 5: Mizigo, na vitu vya Tanga visivyovuka

Begi moja kwa kawaida ni kilo 23, na hata ukilipia ziada halizidi 32. Nunueni mizani ndogo ya kuning'iniza.

Australia wanalinda mashamba yao kwa ukali mkubwa. Machungwa ya Muheza, embe, mbegu za bamia na mchicha, choroko na kunde, nyama iliyokaushwa: acheni nyumbani. Asali ukishukia Perth haipiti. Bizari na hiliki za kusagwa zilizofungwa kiwandani zenye lebo hupita mara nyingi, ukizitangaza.

Vitu vya mti na ukindu ndivyo vinavyowauma watu: mbuzi ya nazi, kinu, mwiko, kifumbu, mkeka, hata vipande vya udi. Si marufuku, lakini vikaguliwe. Wiki mbili kabla, weka mbuzi juu ya kitambaa cheupe, igonge mara kumi, iache usiku kucha. Asubuhi ukiona vumbi laini kama unga wa sembe, au matundu ya ukubwa wa sindano, imebunguliwa, iache. Ikiwa safi, sugua mabaki yote ya nazi, anika juani siku tatu, funga kwenye nailoni. Viatu navyo visiwe na chembe ya udongo.

Kwenye fomu ya abiria jibuni "ndiyo" penye shaka yoyote. Ukitangaza, kibaya zaidi ni kunyang'anywa. Usipotangaza, faini ni maelfu ya dola na viza inaweza kufutwa palepale. Fedha taslimu kuanzia dola 10,000 za Australia nazo hutangazwa.

Dawa za kunywa: zisizidi za miezi mitatu, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari. Pasi na blenda zinafanya kazi kwa sababu umeme ni voliti 230 kama wetu. Plagi tu ndiyo tofauti.

Hatua ya 6: Mnachoacha nyuma

Laini ya simu isiyotumika hufungwa, na ujumbe wa benki wa kuthibitisha miamala unakuja kwenye laini hiyo. Kabla ya kuondoka, fungulieni huduma ya kutumia laini nje ya nchi na mweke salio. Nyumba au shamba mwachieni ndugu hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, yenye mipaka iliyoandikwa: akusanye kodi, asiuze.

Ukaazi wa kudumu haugusi uraia. Ukichukua uraia wa Australia, wa Tanzania unaupoteza.

Hatua ya 7: Saa

Brisbane iko mbele yetu kwa saa 7 mwaka mzima, Perth kwa saa 5. Sydney ni saa 7, na 8 wakati wa kiangazi chao. Wafundisheni watoto mapema kwamba barua ya shule ikiandika 8:45 ni saa tatu kasorobo, maana mzazi anayesoma "nane" anaweza kumfikisha mtoto saa nane mchana. Na bibi aliyebaki Ngamiani aandikiwe ukutani: apige saa tatu asubuhi, wakati watoto Brisbane ni saa kumi jioni na wametoka shule. Akipiga saa mbili usiku baada ya kula, kwao ni saa tisa ya alfajiri.