Unataka kugombea uenyekiti wa mtaa Dar? Anza na daftari, kampeni baadaye

Habari zenu wadau. Tangu uchaguzi wa 27 Novemba 2024 upite nimekuwa naulizwa swali moja na watu tofauti tofauti, dada nataka kugombea mtaa wangu awamu ijayo nianzie wapi, na kila nikimjibu mmoja kwa simu anakuja mwingine na swali lile lile, kwa hiyo nimeona nikae niandike yote hapa kwa kirefu. Mi naishi Temeke, ni fundi cherehani, 2014 niligombea ujumbe wa kamati ya mtaa, 2019 nilikuwa na mgombea wetu wa uenyekiti bega kwa bega kuanzia fomu mpaka mwisho, na 2024 nilisimamia mawakala wetu wanaokaa vituoni siku ya kura. Chama changu sikitaji kwa sababu ninachoandika kinamfaa wa chama chochote.

Na nianze na jambo lenyewe ili hata asiyesoma mpaka chini aondoke nalo: ushindi wa uchaguzi wa mtaa haupatikani kwenye kampeni. Unapatikana kwenye orodha ya wapiga kura na kwenye fomu. Kampeni ni siku saba tu, na ukifika pale hujajipanga ndo basi tena.

Hatua ya 1: Jua unagombea nini

Usicheke, kuna watu wanachanganya. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wananchi. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, huyo hapigiwi kura. Balozi wa nyumba kumi ni mambo ya chama. Diwani ni wa kata nzima na anachaguliwa kwenye uchaguzi mkuu. Sisi tunaongelea mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa, na wajumbe wako makundi mawili, kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Mwanamke unaweza kugombea kundi mchanganyiko pia, hakuna anayekuzuia, mi mwenyewe niligombea huko.

Uchaguzi huu unafanyika kila baada ya miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Umefanyika 2014, 2019, 2024, kwa mpangilio huo unaofuata ni 2029. Na hausimamiwi na Tume ya uchaguzi, unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, jambo ambalo limelalamikiwa sana mpaka likafika mahakamani, ila kwa anayejiandaa cha muhimu ni kwamba kanuni zinatoka TAMISEMI na huwa zinatolewa upya kila awamu. Usitumie kanuni za zamani. Zikitoka mpya zitafute, pitia mstari kwa mstari, ukiweza soma na mwenzako kwa sauti.

Sifa za msingi: uwe raia wa Tanzania, umri usipungue miaka 21, uwe mkazi wa mtaa huo, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe na kipato halali, na uwe umedhaminiwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hamna. Kwa hiyo kama huna chama, hapo ndo pa kuanzia, maana chama nacho kina kura zake za maoni ndani na huko watu wanapigana vikumbo kuliko hata nje.

Hatua ya 2: Daftari lako mwenyewe la mtaa

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo inayorukwa na wengi.

2014 nilishindwa kwa kura 11. Kura kumi na moja. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikachukua daftari la kushonea, lile naandikia vipimo vya wateja, nikaanza kupita kwenye uchochoro wetu tu, nyumba kwa nyumba, nauliza swali moja, ulijiandikisha? Ule uchochoro una nyumba tisa. Nyumba za uswahilini mnazijua, nyumba moja ina vyumba sita na kila chumba kina familia yake. Nikapata watu 26 ambao hawakujiandikisha na wote wananiita mama fulani, wananipa nguo nishone, watoto wao wanacheza na wangu. Wengine waliniambia kabisa, sisi tulijua kadi ya mpiga kura inatosha.

Haitoshi. Hapa naomba msome taratibu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile la Tume linalokupa kadi, ni la uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inaandikishwa upya mtaani kwako kwa siku chache tu, na kama jina lako halimo hupigi kura hata uwe na kadi tatu. 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 mpaka 20 Oktoba, siku kumi. Anayetakiwa kujiandikisha ni Mtanzania mkazi wa mtaa aliyetimiza miaka 18.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari kubwa, gawa mtaa wako kwa njia au kwa nyumba maarufu, kila ukurasa nyumba moja. Andika idadi ya watu wazima, wapangaji wangapi, nani anatoka alfajiri na kurudi usiku, nani mgonjwa, nani ana mtoto anayetimiza 18 kabla ya uchaguzi. Wapangaji Dar wanahama sana, kwa hiyo hilo daftari unalihuisha kila baada ya miezi kadhaa, la mwaka juzi halikusaidii kitu. Wakati wa uandikishaji unapita na hilo daftari na kuweka tiki. Mtu anayefanya kazi Kariakoo anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku kituo kimeshafungwa, huyo lazima umwambie mapema ni Jumapili ipi aende, na ikibidi umsindikize.

Uandikishaji ukiisha orodha inabandikwa ili watu wakague. Nenda na daftari lako, simama pale, linganisha jina kwa jina. Ukikuta jina la mtu aliyehama au aliyefariki, au la mtu ambaye hakuna nyumba inayomjua, kuna utaratibu wa kuweka pingamizi na muda wake ni mfupi mno. Usiende na maneno ya kijiweni, nenda na maandishi. Mtu mwenye daftari la nyumba kwa nyumba anasikilizwa tofauti na mtu anayepiga kelele dirishani.

Hatua ya 3: Fomu

Fomu 2024 zilichukuliwa na kurudishwa kuanzia 26 Oktoba mpaka 1 Novemba. Wiki moja. Ofisa unayempelekea anaitwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi.

Wengi mnakumbuka 2019, wagombea wengi wa upinzani nchi nzima walienguliwa kwenye hatua hii, makosa ya ujazaji yakiwa sababu mojawapo kubwa, mpaka CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa kabla ya kura ya 24 Novemba. Mi nilikuwepo kwenye mtaa mmoja siku majina yanabandikwa. Mgombea wetu, baba wa watu, mtu mzima wa makamo anayeheshimika msikitini na sokoni, anapitisha kidole kwenye karatasi ukutani kutoka juu mpaka chini, anarudia tena, jina halimo. Sababu tuliyopewa ni kwamba jina kwenye fomu halifanani na la kwenye kadi ya chama. Kadi imeandikwa Ramadhani, fomu imeandikwa Ramadhan. Herufi moja. Naamini kabisa hiyo haikuwa haki, mtu hawezi kufutwa na herufi i kwenye mtaa aliokaa miaka thelathini, ila imani yangu haikumrudisha kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu na siuachi:

Weka mezani vitambulisho vyako vyote kabla hujashika kalamu, kadi ya chama, kitambulisho cha taifa cha NIDA, cha mpiga kura. Kama majina yanapishana, rekebisha kadi ya chama miezi mingi kabla, hiyo ndo rahisi kubadilisha. Fotokopi fomu mara mbili, jaza kopi kwanza, mpe mtu mwingine aisome na vitambulisho mkononi, ndo uhamishie kwenye fomu halisi. Wino mmoja, hamna kufutafuta. Jina la chama liandike kwa kirefu kama lilivyosajiliwa. Jina la mtaa na kata andika kama yalivyo kwenye tangazo la msimamizi, sio kama mnavyoita kijiweni, kuna mitaa hapa mjini ina majina mawili kabisa, la serikali na la makondakta wa daladala. Pale kwenye kazi andika kazi, fundi cherehani, mama lishe, dereva bodaboda. Usiandike mjasiriamali, hilo neno linamkaribisha mtu kuuliza kipato chako halali ni kipi. Na usiache nafasi tupu hata moja, kama haikuhusu uliza ofisini waijazeje.

Udhamini wa chama nao ni mtego. Jua mapema nani ndani ya chama chako anatambulika kwenye kanuni kusaini na kugonga muhuri, na jua huyo mtu siku hizo atakuwa wapi. Nimeshaona mgombea anamfukuzia katibu kwa bodaboda kutoka Mbagala mpaka Gongo la Mboto na dakika zinayoyoma.

Rudisha siku ya pili au ya tatu, kamwe usingoje ya mwisho. Nilishapeleka fomu siku ya mwisho kwenye ofisi ambayo siitaji, tukakuta mlango una kufuli tangu saa saba mchana na hakuna wa kumuuliza. Nenda na watu wawili, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha mapokezi na saa, na ubaki na kopi yako.

Ukienguliwa au ukiwekewa pingamizi usiende kulala na hasira. Andika siku hiyo hiyo. Pingamizi linaanza kwa msimamizi msaidizi, usiporidhika unakata rufaa kwenye kamati ya rufani ya wilaya. Sentensi chache, kifungu cha kanuni, kopi ya fomu, basi.

Hatua ya 4: Siku saba

Kampeni 2024 zilianza Jumatano ya tarehe 20 zikaisha Jumanne tarehe 26. Hesabu mwenyewe, hapo una Jumamosi moja na Jumapili moja, na jioni giza likianza kuingia unatakiwa umeshafunga, wakati wapiga kura wako nusu bado wako kwenye foleni ya mwendokasi. Kwa hiyo mkutano mkubwa wa spika na muziki fanya mmoja, weekend, siku nyingine zote tembea kwa miguu. Asubuhi kwa mama lishe na kwenye mabomba ya maji, mchana saluni na kwa mafundi, jioni barazani. Ratiba iwe imepelekwa kwa msimamizi na chama, ukienda nje ya ratiba unajitafutia matatizo.

Ahidi vya mwenyekiti. Barabara za mitaani ni kazi ya TARURA, maji ni ya DAWASA, hayo ni mashirika ya serikali na watu wanajua, mgombea anayeahidi lami anaonekana muongo hapo hapo. Mwenyekiti ana mambo yake na ni mazito: barua ya utambulisho ambayo mtu huombwa sehemu nyingi, kama anapoenda kumdhamini ndugu yake polisi, ulinzi shirikishi, gari la taka, usuluhishi wa mipaka ya viwanja, kusoma mapato na matumizi mbele ya wananchi, kusimamia majina ya kaya maskini yasiingizwe kishikaji, kuvipa vikundi utambulisho vikaombe ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mi 2014 niliongea kitu kimoja tu, kwamba barua ya utambulisho isiuzwe, na mpaka leo kuna wamama wananikumbusha.

Hatua ya 5: Mawakala

Majina yao yanapelekwa mapema na wanakula kiapo, kwa hiyo huwezi kuokota mtu asubuhi ya kura. Chagua anayewajua watu kwa sura. Wakala wangu bora alikuwa dada mmoja msusi, kichwa cha kila mwanamke wa mtaa ule kimepita mikononi mwake. Alikaa na daftari mapajani, kila anayepiga kura anachora mstari, ikifika mitano anaifunga. Jioni masanduku yalipofunguliwa alikuwa na hesabu yake, na zile karatasi zilipozidi mistari yake alinyoosha mkono akaomba zihesabiwe upya, kwa upole kabisa. Zikahesabiwa, ikaonekana rundo moja lilihesabiwa mara mbili.

Vituo vinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, aliyekuwa kwenye foleni muda ukifika anapiga. Wakala afike kabla ya saa moja na nusu aone sanduku likiwa tupu. Mpelekee chakula, usimwache atoke kwenda kutafuta chapati, nusu saa ya chapati ni ndefu. Fomu ya matokeo asisaini mpaka ailinganishe tarakimu na maneno, na kama ana lalamiko aliandike palepale. Ukihitaji kupinga matokeo unaenda Mahakama ya Wilaya, na bila hizo karatasi utaongea nini huko.

Kwa anayelenga 2029, wiki hii nunua counter book ya kwaya tatu, lile daftari nene, anza na nyumba yako mwenyewe ukurasa wa kwanza, andika kila mtu mzima aliyelala humo jana usiku. Kesho nenda ya jirani.