Somo: Aliyevunjika nyonga, shuka lifungwe wapi?

Wapendwa, leo nataka tuongelee jeraha linaloua mtu bila tone la damu kuonekana sakafuni. Mifupa ya nyonga imeungana kama beseni. Bodaboda ikigongwa na lori, au mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, beseni lile hupasuka na kutanuka, vena zilizo nyuma yake zinachanika, damu inamwagikia ndani. Lita mbili au tatu zinaweza kuishia humo na tumbo lisijae.

Hatua ya 1: Shuku, usijaribishe. Ajali kubwa, maumivu ya kinena au kiuno, mapigo yanakwenda mbio, mguu mmoja umefupika au umegeukia nje: hesabu kwamba nyonga imevunjika. Ule mtindo wa kuikandamiza nyonga ili uone kama inacheza tuuache kabisa. Unaibandua damu iliyokwisha kuganda na kuziba mshipa.

Hatua ya 2: Funga nyonga kwa shuka, ili beseni lisiendelee kutanuka. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kata suruali, toa simu na funguo mfukoni. Kunja shuka libaki na upana wa kama sentimita 25, lipitishe chini ya magoti na ulitelezeshe hadi kwenye makalio. Sasa tafuta vile vinundu viwili vya mfupa wa paja vilivyo ubavuni, usawa wa kinena, pale mkono unapozama mfukoni. Katikati ya shuka ipite juu ya vinundu hivyo. Si kiunoni, si tumboni. Watu wawili wavute kwa pamoja, kila mmoja upande wake, mpaka shuka libane sawasawa, kisha fungeni fundo kwa mbele. Rudisha magoti pamoja, weka kitambaa katikati yake, geuza vidole vya miguu vitazame ndani kidogo, funga vifundo vya miguu kwa bandeji.

Niliwahi kupokea kijana ambaye waliomleta walijitahidi sana, ila kanga walikuwa wameifunga juu ya kitovu. Presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, ilikuwa 70 tu. Hatukuifungua kwanza, tulifunga shuka mahali pake, ndipo tukaiondoa kanga. Dakika chache baadaye mapigo ya mkononi yalianza kusikika. Tofauti ilikuwa kiganja kimoja tu cha mkono.

Hatua ya 3: Usimviringishe. Mnyanyueni watu wanne kwa pamoja. Ikibidi kumlaza upande, iwe nyuzi 15 tu, basi.

Hatua ya 4: Dawa na damu. Weka kanula (mirija ya dripu) mbili nene mikononi. Za miguuni maji yake yanaweza kuvujia huko huko nyongani. Mpe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. CRASH-2, utafiti mkubwa wa majeruhi wanaotoka damu, ulionyesha mwaka 2010 kwamba inaokoa maisha, na uchambuzi wake wa 2011 ukaonyesha kwamba ianze ndani ya saa 3. Ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Usimmiminie dripu chupa juu ya chupa, maana maji yanaifanya damu iwe nyepesi na kumpoza mgonjwa. Kama hana jeraha la kichwa, presha ya juu ya 80 hadi 90 inatosha wakati mnasubiri damu. Mfunike blanketi. Piga simu ya rufaa sasa hivi, na ndugu waanze kuchangia damu.

Kabla ya kuweka mpira wa mkojo, angalia kama kuna damu kwenye tundu la mkojo. Ikiwepo, usiweke. Angalia pia msamba na uke: kidonda hapo maana yake mfupa huenda umetoka nje, na antibayotiki zianze mara moja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Zahanati yetu haina eksirei. Nifunge bila picha?*

Marahaba. Funga. Picha itapigwa huko aendako, shuka likiwa limefungwa.

*Dada, na mjamzito je?*

Naye afungwe. Shuka linakaa chini ya mimba, halikandamizi mtoto. Mimba ikiwa imevuka kitovu, mtu mmoja aisukume kwa mkono kuelekea kushoto.

*Nimeona mgonjwa kafungwa siku mbili, ngozi imebabuka.*

Pole yake. Lisizidi saa 24, na ngozi ikaguliwe mara kwa mara. Ila usilifungue njiani hata akilalamika. Mpe dawa ya maumivu. Lifunguliwe mbele ya daktari wa upasuaji, damu ikiwa tayari.

*Nimefunga vizuri na presha bado inashuka. Nifanyeje, dada?*

Mdogo wangu, hakikisha kwanza shuka halijapanda. Halafu tafuta damu kwingine: kifuani, tumboni kwa altrasaundi, mapajani. Kama kote ni safi, inatoka nyongani, na huyo anahitaji chumba cha upasuaji akajazwe shashi ndani ya nyonga na kufungwa vyuma vya nje. Gari liondoke sasa, wewe uwe naye ndani.