Sony A7R V: megapikseli 61 bila majuto
Raha ya kamera hii iliyotoka 2022 ni ukubwa wa picha: pikseli 9504 kwa 6336. Hata ukiibana kwenye APS-C, yaani kutumia sehemu ya katikati tu ya sensa (kipande kinachonasa mwanga), unabaki na megapikseli 26, na lenzi ya 85 mm inavuta kama ya 128 mm hivi.

Ila pikseli nyingi hufichua kila mtikisiko. Ile kanuni ya kasi ya shata ya sekunde 1/50 kwa lenzi ya 50 mm haitoshi. Anza na 1/125. Usifunge tundu la lenzi kupita f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), maana mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo, na kope zilizohesabika moja moja zinaonekana kama zimepakwa mafuta.

Mtego mkubwa ni shata ya kielektroniki, ile ya kimya isiyo na pazia linalosogea. Sensa husomwa mstari kwa mstari, taratibu, karibu sehemu ya kumi ya sekunde: mpira unaoruka unageuka yai, taa za LED ukumbini zinachora michirizi. Harusini tumia shata ya kimakanika, kelele zake nani atazisikia?

RAW (faili ghafi ya picha) isiyobanwa hula takriban MB 120 kwa kila picha. Kadi ya GB 64 hujaa kwa picha 500 hivi. Chagua RAW inayobanwa bila kupoteza data.